Kadi mbili, mwili mmoja: dawa za moyo na vidonge vya majira

Nayaandika haya kwa mwanamke anayemeza dawa za mapigo ya moyo na bado yuko kwenye umri wa kuzaa. Kwa miezi mingi nilitembea na kadi mbili za kliniki ndani ya pochi moja, ya moyo na ya uzazi wa mpango, na hakuna mhudumu aliyewahi kuziweka pamoja akazisoma. Kidonge nilichokuwa nikimeza kila usiku ili nisishike mimba, kwa moyo kama wangu, kiko kwenye orodha ya vitu visivyotakiwa kabisa. Mimi si mtaalamu wa afya. Haya nimeyapata kwa kuumwa, kwa kuuliza, na kwa kurudia kuuliza pale nilipojibiwa haraka.

Ugonjwa wenyewe ulianza utotoni bila mtu kujua. Nilikuwa mtoto wa mafindofindo. Nyumbani kwetu Korogwe, koo likivimba unasukutua maji ya chumvi, homa ikishuka unarudi shule. Nikiwa darasa la tano viungo viliwahi kuniuma kwa zamu: leo goti, kesho kiwiko, keshokutwa kifundo cha mguu. Watu wazima wakasema ninarefuka. Ukubwani ndipo nilipoelezwa kwamba ile ilikuwa homa ya rumatiki. Inakuja baada ya koo kushambuliwa na bakteria wa streptokoka, na kinga ya mwili inayopigana na bakteria hao inaweza kugeukia valvu za moyo ikaziumiza. Valvu yangu ya mitrali, iliyo upande wa kushoto, ilikakamaa kidogo kidogo kwa miaka. Kwa mtu mzima mwenye afya tundu lake lina upana wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Langu lilikuwa limebana mno.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilianza kukosa pumzi. Usiku nakohoa, siwezi kulala chali, ngazi chache tu nahema. Nilitibiwa pumu kwa muda mrefu. Kisha moyo ukaanza kupiga ovyo: mara unakimbia, mara unaruka pigo, hauna mwendo maalumu hata kidogo. Rufaa ikanifikisha Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kipimo cha ECG, kinachosoma umeme wa moyo, kikaonyesha mapigo yasiyo na mpangilio, yale ambayo wauguzi huyaita AF, na ECHO, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha valvu iliyobana.

Nilitoka na mfuko wa dawa. Digoksini na bisoprololi za kupunguza kasi ya moyo. Furosemaidi na spironolaktoni za kutoa maji mwilini. Warfarini ya kuzuia damu isigande. Sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki nne, ili homa ya rumatiki isirudi kuimalizia valvu. Kila dawa nilielezwa kazi yake kwa uangalifu, na mpaka leo namshukuru mfamasia aliyenikalisha chini siku ile. Suala la uzazi wa mpango halikuguswa. Sikuulizwa, nami sikujua kama ni habari ya kliniki ya moyo. Kwangu mimi majira yalikuwa mambo ya kliniki ya mama na mtoto, unachukua bure, unapimwa presha, unaondoka.

Nilikuwa nimeyaanza majira kabla sijajua kwamba ninaumwa moyo. Baada ya warfarini kuingia, nikayashikilia zaidi, kwa sababu ambayo wanawake wengi wanaotumia dawa hiyo wataielewa. Hedhi ilibadilika. Ilitoka nyingi, kwa mabonge, nikawa siendi kazini siku mbili za mwanzo na macho yanapauka kwa upungufu wa damu. Majira yaliipunguza ile hedhi na kuifanya ije kwa tarehe. Kwa hiyo ukiniuliza wakati ule, ningekwambia hiki ndicho kidonge pekee kwenye mfuko wangu ambacho naona faida yake kwa macho.

Niliwahi kuuliza, na swali langu ndilo ambalo kila mtu huuliza. Nilimwonyesha muuzaji wa duka la dawa paketi zote, nikamwambia: kaka, hizi dawa za moyo zinapatana na majira? Akazigeuza moja moja, akasema hazipigani. Nikaridhika. Lile jibu halikuwa uongo, na ndiyo maana lilinipoteza. Kuuliza kama dawa moja inaiharibu nyingine ni nusu ya swali. Nusu ya pili, iliyo nzito zaidi, ni hii: kidonge hiki kinafaa kwa moyo wa aina hii?

Aliyeuliza nusu ya pili ni muuguzi mtu mzima aliyehamishiwa kwenye kliniki yetu ya uzazi wa mpango. Wenzake walikuwa wananipima presha na kunipa paketi za miezi mitatu. Yeye alinikuta na alama ya bluu mkononi, mahali nilipogonga kidogo tu kona ya meza.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Hii alama ni ya nini? Unameza dawa gani nyingine?"

Nikamtajia. Alipoisikia warfarini akaweka kalamu chini. Akaomba kadi ya moyo, akaisoma yote, kisha akafungua mwongozo wake wa uzazi wa mpango na kufuata mstari kwa kidole. Hakunitisha wala kunigombeza. Alisema tu: "Hivi vyenye homoni mbili si vyako. Leo usiondoke bila kitu kingine, na wiki hii mwone daktari wako wa moyo."

Daktari wa moyo alinieleza kwa kirefu, na nitajaribu kuyarudia kama nilivyoyaelewa.

Alianza kwa kusema kwamba muuzaji wa dukani alijibu sawa kwa alichoulizwa. Majira hayaidhuru digoksini kwa kiwango cha kutisha, na digoksini au bisoprololi haziyapunguzii majira nguvu. Ziko ndugu za bisoprololi, metoprololi ni mfano, ambazo vidonge vya majira vinaweza kuzipandisha kiasi kwenye damu, na la kufanya ni kuangalia presha na mapigo tu. Tatizo langu lilikuwa estrojeni yenyewe.

Vidonge vya majira vya kawaida vina homoni mbili: ethinilestradioli, mara nyingi mikrogramu 30, na projestini, mara nyingi levonojestreli mikrogramu 150. Vile vya rangi ya kahawia mwishoni mwa paketi huwa ni vya madini ya chuma, havina homoni. Estrojeni hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini zinazogandisha damu. Kwa mwanamke mwenye moyo mzima hatari hii ni ndogo. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge wala kuwa wajawazito, kama 2 hupata donge la damu kwenye vena kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vyenye levonojestreli ni kama 5 hadi 7. Sitaki dada yeyote mwenye afya njema ayaache majira yake kwa sababu ya habari yangu. Moyo wangu ulikuwa na habari nyingine. Katika AF, chumba cha juu cha kushoto hakikamui damu, kinatetemeka tu. Valvu iliyo mbele yake imebana, basi damu inatuama pale kama maji ya dimbwi, na damu iliyotuama huganda. Donge likichomoka hapo, njia yake ya karibu ni ubongo. Hicho ndicho kiharusi kinachowapata vijana wenye valvu mbovu, watu wa umri wa miaka ishirini na thelathini.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo unaoziweka njia za uzazi wa mpango katika makundi manne kwa kila hali ya kiafya. Kundi la 1 maana yake hakuna kizuizi, la 4 maana yake hatari haikubaliki. Ugonjwa wa valvu uliokwishaleta matatizo, yakiwemo shinikizo kwenye mishipa ya mapafu au hatari ya AF, umewekwa kundi la 4 kwa vidonge vyenye estrojeni. Kwa vidonge, sindano na vijiti vyenye projestini peke yake, hali hiyo hiyo ya valvu iko kundi la 1. Niliposikia hivyo nilitulia kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeingia pale nikidhani nitaambiwa hakuna njia yoyote inayonifaa.

Nikamuuliza: si nameza warfarini, haitoshi kunilinda? Akasema warfarini inavuta huku na estrojeni inavuta kule. INR yangu, kipimo cha damu kinachoonyesha warfarini inachelewesha kuganda kwa kiasi gani, ilitakiwa iwe kati ya 2 na 3, na kwenye kadi ilikuwa inapanda na kushuka kuliko alivyopenda. Ukikosa dozi siku mbili, ngao inashuka na kile kinachogandisha bado kipo. Hakuwa tayari kumwacha mtu mwenye valvu kama yangu kwenye mvutano huo wakati njia nyingine zipo.

Hapa nataka niende taratibu, kwa sababu najua msomaji mwingine mkono wake tayari uko kwenye paketi, anataka kuitupa. Usiache majira ukabaki mtupu. Daktari alilirudia hili mpaka mume wangu naye akalisikia. Wakati wa ujauzito damu ya mwili huongezeka karibu nusu ya ile ya awali, na moyo huenda mbio zaidi. Kwa valvu iliyobana, damu hiyo inarudi nyuma na kujaza mapafu maji. Ujauzito pia hugandisha damu kuliko kidonge chochote cha majira, na wiki za baada ya kujifungua ndizo mbaya zaidi. Juu ya hayo warfarini inaweza kumletea mtoto kasoro, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, wakati ambao wengine bado hawajajua kwamba wamebeba. Mimba isiyopangwa ingekuwa hatari kubwa kwangu kuliko kile kidonge. Kwa hiyo unabadilisha. Siku unayoacha kimoja ndiyo siku unayoanza kingine.

Siku ile ile muuguzi alinipa vidonge vya homoni moja, vile wanavyopewa mama wanaonyonyesha, akaniongezea kondomu. Vidonge hivyo havina estrojeni, ila vinataka saa. Vile vya levonojestreli pekee ukichelewa zaidi ya saa 3 kinga yake inatetereka. Mimi nilikuwa na dawa za asubuhi na za jioni za kukumbuka, na warfarini ina saa yake. Niliviweka kwenye kengele ya simu pamoja na warfarini ili vimezwe kwa mkupuo mmoja.

Katikati ya kipindi hicho lilinipata jambo ambalo ningependa wengine walijue. Niliharisha, kisha kichefuchefu kikaanza na hakikuisha hata kuhara kulipokwisha. Chakula sikitaki. Jirani yangu akanitazama na kusema, Mama Amani, wewe una mimba. Mama mkwe akafurahi waziwazi. Nilipima mkojo, hakuna mimba. Nikafikiri basi ni hivi vidonge vipya. Nilipoanza kuona taa zimezungukwa na umanjano ndipo mume wangu alipotafuta gari. Hospitali walipima damu wakakuta potasiamu imeshuka, na wakasema digoksini imenizidi. Kuharisha na furosemaidi vilikuwa vimetoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka, digoksini ile ile uliyoizoea inaugeukia moyo. Walizuia dozi, wakarekebisha madini, nikalala wodini chini ya uangalizi wa ECG.

Kwa mwanamke anayemeza digoksini, kichefuchefu kina vyanzo vitatu vinavyofanana: mimba, homoni, na digoksini iliyozidi. Cha tatu kinaua. Usikae nyumbani unakisia. Pima mimba kama unaweza, lakini hata kipimo kikisema hapana, nenda ukapimwe damu na mapigo, hasa kama umetoka kuharisha au kutapika. Na ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza kidonge cha uzazi wa mpango, kihesabu kwamba hukukimeza, meza kingine, kisha ongeza kondomu kama kutapika kunaendelea.

Baada ya hapo tulikaa kuchagua njia ya kudumu kidogo. Sindano ya miezi mitatu ya ndani ya msuli haikupendwa na daktari, kwa sababu mtu wa warfarini anaweza kuvujia damu ndani ya msuli. Nikamuuliza mbona penisilini nachomwa kila mwezi. Akasema ile hawana raha ya kuiacha kwa mtu kama mimi, ndiyo maana wanataka kuiona INR kwanza na muuguzi akandamize pale kwa muda. Hawezi kuongeza sindano nyingine ambayo ina mbadala. Kitanzi cha shaba kinazidisha hedhi, na hedhi yangu tayari ilikuwa mzigo. Kitanzi chenye homoni kingenifaa sana kwa sababu kinaipunguza, ila wilayani kwetu hakikupatikana, na alitaka kiwekwe hospitali yenye vifaa, kwa kuwa wakati wa kukiweka mapigo yanaweza kushuka ghafla. Alitaja pia kufunga kizazi kwa mwanaume. Mume wangu aliomba muda wa kufikiri. Niliheshimu jibu lake, na bado hajasema hapana.

Nikachagua kijiti cha mkononi, kile kimoja cha miaka 3. INR ilipimwa kwanza, wakakiingiza kwa sindano yake chini ya ganzi, wakafunga bandeji ya kukaza. Mkono uligeuka zambarau kutoka kwenye kiwiko kupanda juu, ukapoa wenyewe. Lililonichosha ni damu isiyo na ratiba. Matone leo, kesho hakuna, wiki ijayo tena, kwa miezi. Walikuwa wamenionya, ila kuonywa na kuishi nalo ni mambo mawili. Nilipimwa wingi wa damu mara kwa mara na nikatumia vidonge vya chuma. Baadaye ilipungua. Nikilinganisha na mabonge ya mwanzo, hali hii naiweza. Atakayechagua kijiti huku anameza warfarini ajiandae kwa miezi hiyo, na amwambie mwenzake mapema. Nyumbani kwangu mwenye maneno alikuwa mama mkwe, aliyeamini kijiti ndicho kinachonikondesha. Mume wangu ndiye aliyemweleza habari ya valvu, kwa upole, akiwa na karatasi ya ECHO mkononi. Mimi nisingesikilizwa.

Mengi zaidi nimejifunza kwenye benchi la kliniki ya moyo. Ukikaa pale tangu alfajiri unaona kwamba wanawake wote tunaitwa wagonjwa wa mapigo, lakini kila mmoja ana dawa yake, na kila dawa ina tabia yake na uzazi.

Mwenzangu mmoja anatumia amiodaroni. Yeye aliambiwa waziwazi asishike mimba akiwa kwenye dawa hiyo. Karibu asilimia 37 ya uzito wa amiodaroni ni madini joto, na inaweza kuvuruga tezi ya shingo ya mtoto aliye tumboni. Tena haitoki mwilini upesi. Ukiiacha leo, baada ya takribani miezi miwili nusu yake inaweza kuwa bado imo. Kwa hiyo kumaliza amiodaroni hakumaanishi kutoa kijiti wiki hiyo hiyo. Amiodaroni pia huipandisha warfarini, kiasi kwamba dozi ya warfarini mara nyingi hupunguzwa kwa theluthi hadi nusu, na digoksini hupunguzwa kama nusu. Mtu akibadilishiwa dawa ya mapigo bila INR kupimwa tena mapema, anaweza kutokwa damu na akadhani ni kijiti. Na sisi wa Tanga tunaopenda mabalungi tujue kwamba tunda hilo hupandisha amiodaroni na verapamili kwenye damu. Uliza kabla ya kujimenyea.

Mwingine alipata kifua kikuu. Rifampisini inayotumika kwenye TB hulichapuza ini lichome dawa nyingine haraka. Vidonge vya majira, viwe vya homoni moja au mbili, hupungua nguvu, vijiti navyo hulegea, na warfarini hushuka vibaya sana. Athari yake huendelea wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Sindano ya miezi mitatu ndiyo haitikiswi. Dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni hufanya mambo ya namna hiyo hiyo. Lakini penisilini yetu ya kila mwezi haimo humo. Nimewasikia wanawake wakiiogopa sindano hiyo kwa kudhani inaua nguvu ya majira, mmoja akaiacha kabisa, na hilo liliniuma. Haiui.

Halafu kuna malaria, ambayo kwetu haiepukiki. Maelezo ya dawa mseto, ile yenye atemetha na lumefantrini, yanasema mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. La kwanza, inaweza kupunguza nguvu ya uzazi wa mpango wa homoni, kwa hiyo utumie kondomu pia kwa kama mwezi mmoja. La pili, inaweza kurefusha kipimo cha ECG kiitwacho QT, kwa hiyo anayemeza amiodaroni au sotaloli, au ambaye potasiamu yake iko chini, amwambie anayemtibu kabla ya kuianza. Malaria lazima itibiwe, na haraka. Unasema ili wachague dawa inayokufaa au wakufuatilie. Usiitumie habari hii kama sababu ya kukaa na homa nyumbani.

Dada mmoja aliyekuja likizo kutoka Muscat alikuwa na vidonge vya majira vyenye drospirenoni. Projestini hiyo huzuia potasiamu isitoke, na yeye alikuwa anameza spironolaktoni na enalaprili, ambazo nazo huizuia. Potasiamu ikizidi mno moyo unaweza kusimama. Yeye dawa zake zilikuwa zinapigana kweli, na aliyeligundua ni mfamasia aliyesoma kiini cha dawa badala ya jina la kwenye boksi. Tangu siku ile mimi naandika majina ya viini. Majina ya biashara yanabadilika kila duka.

Ninachofanya sasa ni hiki. Nina karatasi moja iliyokunjwa ndani ya kitambulisho cha bima. Juu nimeandika: valvu ya mitrali imebana, AF, natumia warfarini. Chini zipo dawa zote kwa jina la kiini na dozi, kisha njia yangu ya uzazi wa mpango na tarehe iliyowekwa. Kijiti nacho kinahesabika kama dawa, kiandike, kwa sababu kiko chini ya ngozi na kinasahaulika. Sehemu yoyote ya tiba naitoa kabla sijaulizwa, iwe kwa daktari wa meno au duka la dawa. Kliniki ya moyo nauliza: njia hii ina estrojeni? Inapandisha au kushusha dawa yangu yoyote? Nikishika mimba leo, dawa ipi kati ya hizi itamdhuru mtoto? Kliniki ya uzazi wa mpango nauliza: hali yangu iko kundi la ngapi kwa njia hii? Muuguzi mzuri hatachukia. Akichukia, uliza tena kwa heshima.

Dalili za kukimbilia hospitali nimewafundisha hata watoto wa dada yangu: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuchoma ghafla au kukohoa damu, mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kuzimia. Kwa anayetumia warfarini ongeza choo cheusi, na kichwa kuuma vikali baada ya kujigonga.

Gharama nazo zisemwe. Uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali sikulipia, kijiti sikulipia. Kilichotumaliza ni nauli ya Korogwe na Dar, kulala kwa dada yangu Mbagala, siku za kazi zilizopotea, na vipimo vya INR wakati bima yangu ilipokatika. Kuna mwezi tuliuza mbuzi. Wanaonizunguka waliona ni ujinga kusafiri hivyo kwa ajili ya "kuuliza habari za majira". Siku hizi nikipanga safari ya kliniki ya moyo, maswali ya uzazi naenda nayo papo hapo, nimeyaandika, ili nauli moja imalize yote.

Sasa hivi nasubiri kupanuliwa valvu kwa puto, njia ambayo mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo. Mimi na mume wangu tunamtaka mtoto wa pili. Daktari hakusema hapana, alisema kuna utaratibu: valvu kwanza, ECHO nyingine baadaye, kisha tukae kwa ajili ya warfarini na dawa nyingine moja moja, akiwepo na daktari wa wajawazito, kijiti kikiwa bado mkononi. Kikitolewa kabla ya mazungumzo hayo, mimba inaweza kuingia mwezi ule ule na warfarini ikiwa ndani ya damu. Mume wangu ameomba ruhusa kazini ili awepo.